Nyumba ya Keshero yenye depo chini: cha kukagua kabla ya kutoa pesa

Swali: «Jambo Enjenia. Mimi na mume wangu tunataka kununua nyumba Keshero, hapa Goma, si mbali na barabara ya Sake. Ni ya mawe ya volkano, ila jiko na chumba kimoja viliongezwa baadaye kwa matofali ya simenti. Imepakwa rangi mwezi uliopita na nusu ya sebule ina vigae vipya. Upande wa ziwa kuna depo (stoo ya chini), unashuka ngazi sita, na muuzaji anasema mlinzi anaweza kulala humo. Chini ya baraza kuna tangi la maji ya mvua. Juu ya mlango wa jikoni kuna ufa mwembamba. Komisioneri (dalali) anatuhimiza tulipe nusu wiki hii. Tukague nini?»

Jibu: Mama, tuanze na depo. Ufa, bomba, nyaya na manjanja (mabati ya paa) vyote vina dawa. Pesa itatoka, lakini dawa ipo. Hewa ya depo ile inaweza kumuua mlinzi usiku wa kwanza, na rangi mpya haiwezi kukuonyesha chochote kuhusu hewa.

Keshero, kama Himbi, Bulengo na njia nzima ya kwenda Mugunga na Sake, iko katika ukanda wa mazuku, yaani gesi ya ardhini inayoua. Gesi yenyewe ni kaboni dioksidi. Inatoka chini sana kwenye magma, inapanda kupitia nyufa za mwamba, na inatokeza pale inapopata tundu. Haina rangi wala harufu. Ni nzito kuliko hewa kwa karibu mara moja na nusu, kwa hiyo inatembea kama maji: inafuata mteremko, inaingia shimoni, inajaa kuanzia chini. Ngazi sita ni kama mita moja. Depo la kina hicho ni beseni lililochimbwa mahali ambapo gesi inatafuta beseni.

Mchana jua likiwaka na upepo wa ziwa ukivuma, mazuku hutawanyika. Ndiyo maana kutembelea nyumba saa sita mchana pamoja na komisioneri hakukuambii kitu. Hatari iko usiku hewa ikitulia, na inakuwa kubwa alfajiri kabla jua halijapasha ardhi joto. Kagueni kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili asubuhi, siku tatu tofauti, mlango wa depo ukiwa umefungwa tangu jioni na ndani pasiwe na mtu aliyelala. Sharti hilo la mwisho lina sababu: watu wakilala chumba kilichofungwa, pumzi yao yenyewe hupandisha gesi hiyo, na hutajua ipi imetoka kwao na ipi imetoka ardhini.

Mlango ukifunguliwa, kabla ya kushuka, tazameni sakafu na pembe kwa tochi kutoka juu. Mijusi, mende, panya au vyura waliokufa bila jeraha, hasa wakiwa pamoja sehemu ya chini kabisa, ni dalili nzito. Muuzaji akisema ni sumu ya panya, mwombeni aonyeshe sumu yenyewe. Kisha waulizeni majirani wa pande zote mbili, hasa wamama wanaofuga: kuku, mbuzi au mbwa aliwahi kukutwa asubuhi amekufa bila kuugua? Ni shimo gani la jirani ambalo watoto wanakatazwa? Wakaaji wa zamani wa Keshero wanajua mazuku yao vizuri kuliko karatasi yoyote. Na Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma, OVG, kinafuatilia mazuku tangu zamani. Pelekeni mahali penyewe (avenue, kona, picha ya simu yenye alama ya mahali) mkawaulize wanajua nini kuhusu eneo hilo.

Kipimo cha kweli ni chombo cha kupima kaboni dioksidi. Angalieni kinafika wapi. Vyombo vingi vya bei ndogo vinavyouzwa kwa ajili ya ofisi na madarasa vinaishia sehemu 5,000 kwa milioni, yaani asilimia 0.5, na juu ya hapo vinaonyesha namba ileile. Kwenu mnahitaji kinachofika asilimia 5 au zaidi. Kifungeni kwenye kamba, mkishushe bila ninyi kushuka, mkiache dakika kumi kwa urefu wa sentimita 10 kutoka sakafuni, kisha 50, kisha 150. Mtu aliyelala kwenye godoro chini anavuta hewa ya sentimita 20. Namba ya kifuani si namba yake.

Hewa ya kawaida ya nje ina asilimia 0.04. Asilimia 0.5 ndiyo kiwango kinachowekwa katika nchi nyingi kuwa mwisho kwa mfanyakazi wa saa nane. Chumba kitupu kikionyesha hivyo alfajiri, gesi inatoka ardhini, hakuna maelezo mengine. Kwenye asilimia 3 mtu anapumua haraka, kwenye 5 kichwa kinauma na kizunguzungu kinaanza, kwenye 10 anapoteza fahamu ndani ya dakika chache. Aliyelala haamki.

Msipopata chombo, watu hapa hutumia mshumaa. Unaruhusiwa kama onyo, si kama ruhusa ya kulala. Uwekeni ndani ya kopo, mfunge kopo kwenye waya wa mita tatu, mshushe polepole kutoka ngazi ya juu, ngazi moja kwa moja. Mwali ukipungua, ukiegemea au ukizimika, kazi imekwisha: msishuke kuchukua kopo. Lakini mshumaa ukiwaka hadi sakafuni haujathibitisha usalama, maana unaendelea kuwaka katika hewa ambayo tayari inamuumiza mtu. Tena, kama humo mmewahi kuwekwa essence (petroli) au chupa ya gesi ya kupikia, msitumie mwali kabisa. Na msishushe mshumaa kwenye fosi septike (tangi la maji machafu ya choo) au choo cha shimo hata siku moja. Kule kuna methani, na methani hulipuka.

Mtu akianguka depo, asishuke wa pili kumsaidia. Mazuku huua wawili na watatu kwa sababu ya huruma. Fungueni kila mlango, mvuteni kwa kamba au ndoano mkiwa juu, na anayeingia aingie tu baada ya hewa kupigwa na feni kubwa kutoka nje.

Sasa, kama depo lina gesi, je, nyumba iachwe? Si lazima, ila bei ibadilike na depo life. Kulifungulia madirisha juu hakusaidii, kwa sababu gesi iko chini. Tundu la hewa lingetakiwa kuwa usawa wa sakafu na kutokea mahali palipo chini kuliko sakafu hiyo, jambo ambalo shimo lililozungukwa na ardhi pande zote haliwezi kupata. Feni ya kunyonya ingefanya kazi mpaka umeme ukatike, na Goma umeme unakatika. Kinachobaki ni kulijaza. Lakini lisijazwe kiholela, maana gesi iliyokosa beseni itapanda kwenye sakafu ya vyumba vya juu. Jazeni mawe mpaka zibaki kama sentimita 45. Juu yake wekeni kokoto kubwa safi, sentimita 20 hadi 30, na ndani ya kokoto lazeni bomba la PVC la milimita 100 lenye matundu, mwisho wake utoke nje kwenye mteremko wa ziwa, si kwa jirani wala pale watoto wanapocheza. Kisha plastiki nene isiyopungua milimita 0.2, vipande vikipandana sentimita 30, halafu zege la sentimita 10. Matundu yote ya mabomba yanayopita sakafuni yazibwe kwa simenti.

Pimeni pia vyumba vya juu vinavyokalia depo, hasa kabati za chini na shimo la maji la bafu. Shimo la bafu lisilotumika muda mrefu hukauka, na maji yakikauka ndani ya siphon (bomba lililopinda chini yake) hakuna kinachozuia gesi ya chini kupanda. Kumwaga ndoo moja kila wiki kunatosha kuliziba tena.

Baada ya hewa, ardhi. Goma imejengwa juu ya lava, na lava si jiwe moja kama watu wanavyodhani. Juu inaweza kuwa ganda gumu la nusu mita, chini yake uwazi, au mawe yaliyolegea kama makala (makaa) yaliyomwagwa kutoka gunia. Masoni (fundi mwashi) akifika kwenye ganda husema «tumepata mwamba» na kuanza msingi hapohapo. Miaka inapita, kisha uzito wa ukuta unalivunja ganda. Chukueni mtaimbo, mpige uwanja mzima kila baada ya nusu mita, hasa kando ya kuta: mlio mkavu mfupi ni mwamba, mlio unaojibu kama ngoma ni uwazi. Ndani, gongeni vigae kwa mpini wa nyundo. Kigae kimoja kinacholia ni gundi mbaya. Eneo la mita mbili linalolia lote ni sakafu iliyoshuka chini yake.

Na hapo ndipo nusu ya sebule yenu inapoingia. Mtu haweki vigae vipya nusu ya chumba bila sababu. Ombeni vigae viwili ving'olewe mahali kipya kinapokutana na cha zamani, ninyi mkilipia kuvirudisha. Mkikuta zege limepasuka kwa mstari na kuzibwa, fuateni mstari huo nje.

Baada ya mlipuko wa volkano ya Nyiragongo wa tarehe 22 Mei 2021, matetemeko yaliendelea siku kadhaa, na tarehe 27 Mei watu wa kartie (mitaa) 10 kati ya 18 za jiji waliamriwa kuhama. Nyufa za ardhi zilifunguka Goma hadi Gisenyi, nyingi zikielekea kaskazini-kusini, kwa sababu magma ilikuwa imepenya chini ya jiji kuelekea ziwani. Nyumba nyingi zilizopasuka wakati ule zilizibwa kwa simenti na kupakwa rangi. Kwa hiyo ukiona ufa, fungua dira ya simu. Ufa unaopita sakafu, ukauvuka msingi, ukaendelea uwanjani, ukakata ukuta wa uzio na kuonekana kwa jirani, ni wa ardhi. Masoni hawezi kuutibu. Anaweza kuuficha tu. Nyumba ya hivyo mimi nisingekushauri kuinunua kwa bei yoyote, kwa sababu ufa wa ardhi pia ni mlango wa gesi.

Ufa wenu wa jikoni una uwezekano mkubwa wa kuwa wa aina nyingine. Jiko liliongezwa kwa matofali kando ya mawe. Kuta mbili za asili tofauti zilizojengwa miaka tofauti hushuka kwa mwendo tofauti, na kama masoni hakuzifunga kwa chuma zitaachana palepale zinapokutana. Utazameni vizuri. Ukipanda wima kwenye mshono wa mawe na matofali, ndiyo hiyo. Ukianzia pembe ya mlango na kupanda kwa mshazari, linto (boriti ya juu ya mlango) ni fupi au msingi wa upande mmoja unashuka. Linto nzuri inakalia ukuta angalau sentimita 20 kila upande. Ukilala mlalo chini ya dari, ukuta hauna shenaje, ule mkanda wa zege unaozunguka nyumba yote juu ya milango, na kwa jiji la matetemeko hilo ni kosa kubwa kuliko ufa wenyewe. Shenaje inayofaa ina vyuma vinne vya milimita 10 au 12, na vikuku vya milimita 6 kila sentimita 15 hadi 20. Ili kuijua, panda kwenye dari pale plasta ilipoishia. Humo wachache hupaka rangi.

Kwa upana, kadi ya benki ina unene wa karibu milimita 0.8. Isipoingia, ufa ni mdogo. Ikiingia bila kukwama, uandikeni. Penseli ikiingia, iteni enjenia wa ujenzi kabla ya maneno mengine. Ufa mpya una kingo kali na rangi safi ndani. Wa zamani una vumbi, utando wa buibui au rangi iliyoingia. Chora mstari wa penseli pale unapoishia na uandike tarehe, kisha ubandike kipande chembamba cha kioo kwa plasta kuvuka ufa. Kioo kikipasuka ndani ya wiki mbili tatu, nyumba bado inatembea.

Matofali ya jiko yajaribuni kwa msumari. Ombeni plasta itolewe sentimita 20 kwa 20 nyuma ya mlango. Msumari ukikwaruza tu, sawa. Ukichimba na tofali likamwagika kama mchanga, simenti iliibiwa. Mfuko mmoja wa kilo 50 ukitoa matofali 25 hadi 35 ya kawaida, kazi ni nzuri. Wapo wanaouvuta utoe zaidi ya 50, na tofali hilo linabeba rangi, halibebi paa.

Tangi la chini ya baraza nalo lichukueni kwa uzito. Kwanza ni shimo, kwa hiyo kila kilichosemwa juu ya depo kinalihusu: tangi tupu la Keshero haliingiwi kulisafisha mpaka hewa yake imepimwa na mtu amefungwa kamba, na watu wawili juu. Pili, baraza yenyewe ni kifuniko chake. Shusheni taa kwa waya mtazame zege kwa chini. Madoa ya kutu yanayofuata mistari iliyonyooka, au zege lililobanduka na chuma kikaonekana, maana yake unyevu umekula vyuma. Msiegeshe gari wala msiweke jenereta juu yake.

Kisha jaribio la saa 24, bila mvua. Tangi liwe nusu, mabomba yafungwe, mchore alama ya usawa wa maji. Yakishuka zaidi ya sentimita moja, linavuja, na maji yanayovuja yanaosha udongo chini ya msingi wa baraza. Yakipanda, swali ni moja: yametoka wapi? Mara nyingi jibu ni fosi.

Fosi ya Goma ni habari yenyewe. Kwa sababu mwamba ni mgumu kuchimba, wengi huchimba kidogo mpaka wapate ufa, kisha huacha maji machafu yaende humo. Muuzaji atakuambia kwa fahari kwamba fosi yake haijawahi kujaa miaka 15. Hiyo si sifa. Fosi nzuri ina sakafu na kuta zisizovuja, vyumba viwili au vitatu, na maji yaliyotulia ndiyo yanayokwenda kwenye shimo linaloyanywesha ardhini. Tope linabaki na lazima linyonywe baada ya miaka kadhaa. Isiyojaa haina chini. Uchafu wake unapita kwenye nyufa bila kuchujwa na udongo, kwa sababu udongo hakuna, na unaelekea kwenye tangi la karibu na ziwani. Umbali kati ya fosi na tangi usipungue mita 15, na tangi lisiwe upande wa chini. Mwageni rangi ya chakula ya kutosha chooni pamoja na ndoo tano za maji, mchote maji ya tangi kwa chupa nyeupe kila saa sita kwa siku mbili. Rangi ikitokea, mmejibiwa. Isipotokea, si hakikisho kamili, kwa hiyo pelekeni maji maabara yapimwe vijidudu.

Maji yenyewe ya mvua yana jambo lake hapa. Moshi wa Nyiragongo na Nyamulagira una asidi na floridi, na mvua inayopita ndani yake inaviteremsha juu ya paa. Kikomo cha floridi kwa maji ya kunywa, kwa Shirika la Afya Duniani, ni miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi kwa miaka, meno ya watoto yanaota madoa ya kahawia, na kwa kiasi kikubwa mifupa nayo inaumia. Kuchemsha hakuiondoi. Kunaiongeza, kwa kuwa maji yanapungua na floridi inabaki. Karatasi za kupima asidi ni za bei ndogo. Maji yakiwa chini ya pH 5 kwenye karatasi hiyo yanakula bati na vyuma vya bomba. Kama watoto ni wadogo, tangi liwe la kufulia na kuoshea, ya kunywa yatoke kwingine mpaka floridi ipimwe. Na wekeni bomba la kumwaga maji ya kwanza: milimita moja ya mvua juu ya paa la mita 100 za mraba ni lita 100, na lita hizo mia ndizo zilizobeba majivu na mavi ya ndege.

Asidi hiyohiyo ndiyo inayomaliza manjanja. Ingieni darini mchana wa jua, mzime taa, mkae dakika mbili macho yazoee: kila nyota mtakayoiona ni tundu. Rangi iliyopakwa juu ya kutu haiongezi maisha ya bati. Muulizeni muuzaji ni BG ngapi, yaani namba ya unene wa bati. BG 32 ni nyembamba kuliko BG 28, namba ikipanda bati linapungua. Kama paa au dari ya sehemu ya zamani ni ya eterniti ya kijivu, kama nyumba nyingi za enzi ya Wabelgiji, huenda humo kuna asbesto. Ikiwa nzima, iacheni bila kutoboa, kukata kwa msumeno wala kusugua. Vumbi lake linaleta saratani ya mapafu baada ya miaka mingi, na fundi anayelikata hana habari. Ikibidi kuitoa, ilowesheni maji kwanza na itolewe vipande vizima.

Umeme. Zimeni kila kitu ndani ya nyumba mtazame kompteri (mita ya umeme): ikiendelea kuhesabu, kuna waya unaokwenda pengine, labda kwa jirani. Kisha kinyume chake, washeni pasi na mtazame kama inahesabu. Isipohesabu, waya umeungwa kabla ya kompteri, na faini pamoja na deni vitawakuta ninyi ndani ya nyumba. Fundi azime disjonkta kubwa (swichi kuu ya kukata umeme), afungue plagi tatu. Plagi zinataka waya wa milimita 2.5 za mraba, taa 1.5, jiko la umeme 6. Akwaruze waya kwa kisu: ukiwa mweupe ndani, ni aluminiamu iliyopakwa shaba, unapata joto kwenye viungo. Viungo vya kuzungusha na kufunga kwa utepe darini, juu ya mbao kavu, ndivyo vinavyoanzisha moto. Disjonkta diferansieli ya miliampea 30, inayokata umeme unapovuja, iwepo, na kitufe chake cha kujaribia kikibonyezwa ikatike papo hapo.

Kuna kosa moja ambalo jiji hili linalizaa kuliko mengine, nalo ni waya wa ardhi. Lava kavu inapitisha umeme vibaya sana na fimbo ya shaba haiingii, kwa hiyo mafundi huipigilia sentimita 30 na kuiacha, au hawaiweki. Bila ardhi nzuri, mashine ya kufulia au hita ya maji ikiharibika, mwili wa mtu ndio unaokuwa waya. Fundi apime kwa chombo cha kupima ardhi, si kwa taa ya testeri. Juu ya omu 100, ongezeni waya wa shaba mtupu wa mita 15 au zaidi uliozikwa kwenye mtaro wenye udongo unaoshika unyevu.

Mambo mawili ya haraka. Jenereta na jiko la makala visikae kwenye chumba kilichofungwa wala chini ya dirisha la kulala. Moshi wao una kaboni monoksidi, gesi nyingine kabisa, inayochanganyika na hewa yote na kuua hata ikiwa kidogo sana. Na kwa kuwa Goma ilipiganiwa Januari 2025, pitieni uwanja, dari na mashimo kwa macho kabla ya kuchimba; chuma chochote kinachofanana na risasi kubwa au bomu kisiguswe, waiteni wanaotegua.

Hati za ardhi zinataka jibu lake peke yake. Leo nasema tu kwamba kwa sheria ya ardhi ya 1973 kinachowalinda ni cheti cha usajili kilichohakikishwa kwenye kitabu cha konservateri (msajili wa ardhi), si karatasi ya muuzaji.

Kuhusu komisioneri: msilipe nusu wiki hii. Alfajiri tatu, saa 24 za tangi, siku mbili za rangi na nusu siku ya fundi umeme vinaingia ndani ya wiki moja. Kioo cha ufa ndicho kinachotaka wiki tatu. Muuzaji akitaka uhakika, mpeni avansi ndogo, mbele ya shefu wa avenue na mashahidi wawili, kwa maandishi yenye maneno haya: «Pesa hii itarudishwa yote ndani ya siku saba ikiwa kipimo cha gesi depo kitazidi asilimia 0.5, au tangi litaonyesha maji ya fosi, au ufa wa sakafu utaonekana kuendelea ardhini nje ya nyumba. Muuzaji anakubali funguo za depo na za dari zikae kwa mnunuzi siku zote za ukaguzi.» Akikataa sehemu ya funguo, rudini usiku huohuo kwa majirani na muulize upya kuhusu depo.